Ukihama jimbo Marekani, kesi ya malezi ya mtoto haikufuati yenyewe

Simu ililia usiku mmoja nikiwa ndio kwanza natoka msikitini baada ya Isha. Alikuwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, na kwao huko ilikuwa bado mchana.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Kwema huko?"

Akanyamaza kidogo. Nikajua si kwema.

Mpwa wangu aliolewa hapa Mombasa, akafuatana na mumewe Marekani, wakakaa mji wa Columbus katika jimbo la Ohio. Mungu akawaruzuku watoto wawili. Kisha ndoa ikavunjika, na korti ya huko ikatoa amri ya malezi: watoto wakae na mama, baba awachukue kila baada ya wikendi moja pamoja na nusu ya likizo. Miaka miwili baadaye mama akapata kazi nzuri Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako ana shangazi wa kumsaidia kulea. Akapakia vitu garini, akahama na wanawe.

Kutoka Columbus hadi Minneapolis ni kama kilomita 1,200, yaani mara mbili na nusu ya safari ya Mombasa hadi Nairobi. Wikendi za baba zikawa hazitekelezeki. Ndipo akaniuliza, "Mjomba, nataka ile amri ibadilishwe. Nifungue kesi huku niliko au kule nilikotoka?"

Nami, kwa ile tabia yetu ya kumjibu mtoto wetu papo hapo ili asione mkubwa hajui, nikamwambia, "Fungua huko huko uliko. Korti ni korti."

Ushauri ule ulikuwa mbaya, na ulimgharimu karibu miezi mitano, pesa za wakili na usingizi wake. Kwa kuwa najua nyumba nyingi za pwani zina kijana au binti Marekani, na simu kama ile huja kwa mama, kwa khalati, kwa mjomba na hata kwa imamu, nimeona niandike nilichojifunza baadaye. Mimi si wakili. Nimeisoma sheria yenyewe na nimelifuata jambo hili hatua kwa hatua hadi lilipokwisha.

Korti ni korti, lakini jimbo si kaunti

Kosa langu lilitokana na kuiangalia Marekani kwa macho ya Kenya. Hapa sheria ya watoto ni moja, ile ya mwaka 2022, iwe uko Lamu au Kisumu, na kesi ikitakikana kuhamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, bado ni idara ile ile ya mahakama. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za ndoa, talaka na watoto, lina majaji wake na makarani wake. Jaji wa Minnesota si mkubwa wala mdogo wa jaji wa Ohio. Hawezi kulichukua faili la mwenzake kwa sababu tu mama amehamia karibu naye.

Zamani watu waliutumia mgawanyiko huo vibaya. Mzazi aliyeshindwa kesi katika jimbo moja alimchukua mtoto usiku, akavuka mpaka, akafungua kesi mpya kwa jaji asiyejua lolote la nyuma. Mzazi wa pili naye hufanya vivyo hivyo. Mtoto akawa na amri mbili zinazopingana, na kila polisi anafuata ya jimbo lake. Ili kuzuia hali hiyo, mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyalazimisha majimbo kuheshimu amri za malezi zilizotolewa kwa haki na majimbo mengine. Mwaka 1997 ikaandikwa sheria ya mfano ili kila jimbo iipitishe kwa maneno karibu yale yale. Mawakili huitaja kwa herufi zake, UCCJEA. Ukilisikia jina hilo usitishike. Ndiyo hii ninayoieleza. Karibu majimbo yote yanaifuata, Ohio na Minnesota yakiwemo. Massachusetts lilikaa miaka mingi na sheria yake lenyewe, kwa hivyo mwenye jamaa huko amuulize wakili wa huko.

Miezi 6 ya nyumbani

Kama hakuna kesi yoyote iliyowahi kuamuliwa, swali la kwanza ni moja: mtoto amekaa wapi miezi 6 mfululizo kabla ya kesi kufunguliwa? Jimbo hilo ndilo nyumbani kwake kisheria, na korti ya hapo ndiyo yenye haki ya kwanza ya kusikiza kesi. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, nyumbani kwake ni pale alipoishi tangu kuzaliwa. Kutoka kwa muda, kama vile kwenda likizo au kuja Mombasa kuwaamkia mabibi, hakukatizi hesabu hiyo. Na jimbo la zamani huendelea kuwa na haki hiyo kwa miezi 6 baada ya mtoto kuondoka, ikiwa mzazi mmoja bado anaishi huko.

Kwa hivyo mwenye kuhama leo na kutaka kufungua kesi kesho katika jimbo jipya atajikwaa. Hata hivyo, mambo ya mpwa wangu yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kwake amri ilishatoka.

Korti iliyoamua kwanza hubaki na kesi

Hapa ndipo nilipokosea. Mara korti ya jimbo ikishatoa amri ya malezi kwa njia halali, kesi ile ni yake, na ni yake peke yake. Hata watoto wakikaa jimbo jingine mwaka mzima, hata miaka mitatu, maadamu mzazi mmoja bado yuko kule na uhusiano wa maana na jimbo lile haujakatika, amri haibadilishwi na mwingine.

Mpwa wangu alidhani miezi 6 ya Minnesota ingemtosha. Karani wa korti akapokea karatasi zake na kuzigonga muhuri, naye akafurahi. Lakini karani kupokea karatasi si sawa na jaji kuwa na mamlaka. Jaji wa Minnesota aliposoma kwamba kuna amri ya Ohio na baba bado anaishi Columbus, aliwasiliana na mwenzake wa Ohio, kisha akaifunga kesi. Wakati huo baba naye alikuwa ameshakwenda korti ya Ohio kulalamika kwamba watoto wamehamishwa bila taarifa. Na kweli, sheria ya Ohio humtaka mzazi anayeishi na watoto awasilishe notisi kortini anapokusudia kuhamia makao mengine yasiyotajwa katika amri. Mpwa wangu hakufanya hivyo. Hakuwa amemficha mtu, anwani aliituma kwa simu, lakini kortini ujumbe wa simu si notisi.

Mamlaka ya korti ya kwanza huisha kwa njia mbili. Ya kwanza, mtoto na wazazi wote wawili wawe wamehama jimbo lile. Jambo hilo korti yoyote kati ya hizo mbili inaweza kulithibitisha. Ya pili, korti ya kwanza yenyewe iamue kwamba mtoto na wazazi hawana tena uhusiano wa maana na jimbo lake, na kwamba ushahidi wa maana haupatikani tena huko. Hilo la pili haliamuliwi na jaji mpya.

Kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo wengi huihitaji: kuiomba korti ya kwanza iiachilie kesi kwa hiari yake, kwa sababu jimbo jingine linafaa zaidi.

Namna ya kuomba kesi ihamishwe

Ombi hupelekwa kule kule ilikotoka amri. Kwa mpwa wangu, ni Ohio. Jaji huangalia mambo 8. Je, kumekuwa na vipigo au vitisho nyumbani, na jimbo gani litawalinda vizuri zaidi waliotishiwa? Mtoto amekaa muda gani nje ya jimbo? Umbali kati ya korti mbili ni upi? Hali ya kifedha ya kila mzazi ikoje? Wazazi wamekubaliana lolote kuhusu jimbo la kusikiza kesi? Ushahidi uko wapi: walimu, daktari, na mtoto mwenyewe? Korti ipi inaweza kuamua kwa haraka zaidi? Na korti ipi inaijua kesi hii vizuri zaidi?

Ukiyasoma maswali hayo utaona ni kazi gani inakungoja. Kulia mbele ya jaji kwamba safari ni ndefu hakutoshi. Leta barua ya shule ya tangu watoto walipoandikishwa, rekodi za kliniki, jina la mwalimu anayewajua, na hesabu ya nauli. Ombi lazima liende na hati ya kiapo inayotaja mahali mtoto alipoishi kwa miaka 5 iliyopita na watu aliokaa nao, pamoja na kesi nyingine yoyote inayomhusu. Usifiche kitu. Ikiwa kutaja anwani yako kunahatarisha maisha yako au ya mtoto, apa hivyo kwa maandishi, na korti itaifunga anwani isionekane na upande wa pili.

Mzazi wa pili lazima apewe taarifa na nafasi ya kujibu. Baada ya hapo majaji wa majimbo mawili wanaweza kuzungumza wao kwa wao, na mazungumzo yanayogusa kesi yenyewe huwekwa kwenye rekodi ili wazazi wayajue. Shahidi aliye jimbo jingine anaweza kuruhusiwa kusema kwa simu au kwa video. Ukiwa Kiingereza cha kortini kinakutatiza, omba mkalimani mapema. Usimtumie mtoto wako kukutafsiria kesi inayomhusu yeye mwenyewe.

Jaji akikubali, huisimamisha kesi kwake kwa sharti kwamba ifunguliwe haraka katika jimbo jipya. Hapo ndipo unapokwenda kwa korti ya Minnesota na ile amri ya zamani. Amri hiyo unaweza kuisajili huko: barua ya ombi, nakala mbili, moja ikiwa imethibitishwa na korti iliyoitoa, na kiapo kwamba kwa unavyojua haijabadilishwa. Mzazi wa pili akishapewa taarifa ana siku 20 za kupinga usajili. Zikipita kimya, amri inathibitishwa na ina nguvu Minnesota kama ilivyokuwa nayo Ohio.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kusajili amri ili itekelezwe hakuhitaji kesi ihamishwe. Ukiwa na amri ya Ohio na unataka tu polisi na shule za Minnesota ziitambue, isajili, basi. Kuhamisha kesi ni kwa anayetaka amri ibadilishwe.

Na masurufu ya watoto ni faili jingine. Pesa za matumizi zina sheria yake ya majimbo yenye masharti tofauti. Kesi ya malezi ikihamia Minnesota, usidhani amri ya pesa imekuja nayo. Muulize wakili mambo hayo mawili, kila moja peke yake.

Panapokuwa na hatari

Mama au baba anayekimbia vipigo asisome maneno haya akadhani sheria imemfunga mlango. Mtoto akiwa yupo ndani ya jimbo, na yeye au nduguye au mzazi wake anaumizwa au anatishiwa, korti ya hapo ina uwezo wa kutoa amri ya dharura hata kama kesi ni ya jimbo jingine. Amri hiyo ni ya muda. Jaji wa dharura lazima awasiliane mara moja na korti yenye kesi, na huweka muda wa kwenda kule. Lakini muda huo unaokoa. Kimbilia korti kwanza, kesi itapangwa baadaye.

Kinyume chake, mzazi aliyepata mamlaka ya korti kwa hila, kwa mfano kwa kumficha mtoto, anaweza kukataliwa kabisa na kulipishwa gharama za mwenzake.

Na sisi tulioko huku

Katika simu kama hizi mara nyingi husikika sauti ya mtu wa nyumbani: "Walete watoto Mombasa, tutalea sisi." Husemwa kwa mapenzi. Lakini kumtoa mtoto Marekani kwa nia ya kumzuilia mzazi mwenzake haki yake ni jinai ya serikali kuu huko tangu mwaka 1993, na adhabu yake hufika miaka 3 jela. Anayesema "walete" hapandi ndege yeye.

Wengine husema, "Nenda kwa kadhi." Katiba yetu imewapa makadhi mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kati ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yao, na talaka ya kadhi ina heshima yake. Lakini watoto walioishi Ohio maisha yao yote, nyumbani kwao kisheria ni Ohio, na amri ya malezi itakayotoka huku haitarajiwi kuwashika. Jambo hili lina upande wa pili ambao ni mzuri kwetu: sheria ile ile huihesabu nchi ya kigeni kama jimbo. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Kisauni miaka miwili, kesi ikafunguliwa hapa, wazazi wote wakapewa taarifa na korti yetu ikaamua, basi korti ya Marekani hutakiwa kuitambua amri hiyo, isipokuwa sheria iliyotumika iwe inakiuka misingi ya haki za binadamu. Kwa hivyo anayewaleta watoto kwa bibi "kwa muda wa madrasa" aandike muda huo na aafikiane na mwenzake, kwa sababu siku ya ugomvi miezi ile itahesabiwa, na jaji atauliza kama ilikuwa ziara au makao.

Fiqhi yetu katika hadhana huuliza maslahi ya mtoto kabla ya raha ya mzazi, na ibara ya 53 ya katiba yetu inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Sijaona katika sheria hii ya majimbo jambo linalogongana na hayo. Inachokataza ni kumgeuza mtoto mzigo wa kukimbizana nao mpakani.

Ilivyokwisha

Kesi ya Minnesota ilipofungwa, mpwa wangu alipata wakili Ohio, akawasilisha notisi aliyoichelewesha na ombi la kuhamisha kesi. Jaji wa Ohio alikataa mara ya kwanza. Alisema watoto hawajakaa huko vya kutosha, na kwamba yeye ndiye anayeijua familia hii. Lakini alibadilisha ratiba: wikendi zikaondolewa, baba akapewa sehemu kubwa ya likizo ndefu. Yaani lile alilolitaka mpwa wangu tangu mwanzo, korti ya Ohio ilikuwa na uwezo wa kumpa bila kesi kuhama hata hatua moja. Laiti ningemwambia aanzie huko.

Mwaka uliofuata, baada ya ndugu wa pande zote mbili kuwakalisha kwenye simu, wazazi walikubaliana kwa maandishi kwamba kesi iende Minnesota. Ombi la pili likapita, kwa sababu mapatano ya wazazi ni moja ya yale mambo 8, na safari hii kulikuwa na barua za shule za mwaka mzima.

Juzi alinipigia tena, kuniuliza kuhusu rafiki yake aliye Texas anayetaka kuhama. Safari hii sikujibu papo hapo. Nilimuuliza, "Amri ilitoka korti gani, na baba wa watoto anaishi wapi sasa?"

"Ilitoka Texas, mjomba. Na baba yao bado yuko huko."

"Basi mwambie asipakie gari kabla hajamuona wakili wa Texas."